Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Utawala wa Mji katika Tamthilia ya Ibsen

Utangulizi

Miongoni mwa tamthilia za Ulaya zilizosomwa sana katika shule za sekondari za Kenya ni ile ya Henrik Ibsen iliyotolewa mwaka 1882 kwa jina la En Folkefiende, na ambayo wanafunzi wetu waliijua kwa jina lake la Kiingereza, An Enemy of the People, ilipokuwa kitabu teule cha mtihani. Walimu wengi waliifundisha kwa njia moja. Daktari Tomas Stockmann ndiye ukweli, ndugu yake Meya ndiye uongo, na umati ndio ujinga unaoupa uongo nguvu. Usomaji huo hauna makosa makubwa, ila ni mfinyu. Humfanya mwanafunzi ashike upande mapema mno, na akishashika upande haoni tena jinsi mambo yanavyotendeka.

Makala haya yanakusudia kuuliza swali jingine: je, mji huu unatawaliwaje? Ni nani anayeamua, anaamulia wapi, anamshauri nani, na gharama ya uamuzi wake hulipwa na nani? Tutajaribu kuonyesha kwamba Ibsen ametuachia picha kamili ya utawala wa mji mdogo, na kwamba picha hiyo inamhukumu Meya kwa sababu nyingine kuliko ile inayotajwa darasani, wala haimwachi Daktari bila hatia. Tutagusia pia tatizo la lugha, kwa maana ye yote atakayeileta tamthilia hii katika Kiswahili atalazimika kuamua cheo cha Meya aitaje, na uamuzi huo si mdogo.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Mji mdogo wa pwani ya kusini ya Norwe umejenga mahali pa tiba ambapo wagonjwa kutoka kwingine huja kuoga na kunywa maji. Mji umeanza kuneemeka, nyumba zinapanda bei, na walipa kodi wanapata nafuu. Daktari wa mahali hapo anashuku maji, anapeleka sampuli chuo kikuu zikapimwe, na jibu linarudi kwamba maji yamejaa uchafu unaotiririka kutoka viwanda vya ngozi vilivyoko bondeni, upande wa juu. Mwaka uliotangulia wageni kadhaa wameugua homa ya matumbo. Daktari anatazamia kushukuriwa. Kabla mchezo haujaisha amefukuzwa kazi, madirisha yake yamevunjwa kwa mawe, na mkutano wa hadhara umemtangaza kuwa ni adui wa umma.

Cheo Chenye Mizizi Juu

Tuanze na cheo. Peter Stockmann, ambaye tafsiri za Kiingereza humwita Meya, katika lugha ya asili ni byfogd. Huyu hakuchaguliwa na mtu. Alikuwa mtumishi wa taji, aliyeteuliwa kutoka juu kuhukumu na kusimamia sheria mjini. Norwe ilikuwa na mabaraza ya miji yaliyochaguliwa tangu sheria za mwaka 1837, na mwenyekiti wa baraza kama hilo aliitwa kwa jina jingine kabisa, ordfører, yaani mwenye kulisemea baraza. Ibsen alikuwa na maneno yote mawili mbele yake, akachagua lile la mteule wa juu. Kisha akamwongezea vyeo viwili: Peter ni mkuu wa polisi na pia ni mwenyekiti wa halmashauri ya mahali pa tiba. Basi malalamiko juu ya maji yakipelekwa kwa halmashauri, anayeyapokea ni Peter. Yakigeuka kuwa fujo, mlinzi wa amani ni Peter. Yakifika mbele ya sheria, huko nako yuko Peter.

Kiswahili kitamwitaje? Neno "meya" linatujia upesi, lakini lina historia yake. Nchini Kenya, mpaka mabaraza ya miji yalipovunjwa mwaka 2013 kwa kuja kwa serikali za kaunti, meya alichaguliwa na madiwani wenziwe. Nchini Tanzania meya angali akichaguliwa hivyo. Kwetu, kwa hiyo, meya ni mtu aliyetoka miongoni mwa wenzake, akavikwa joho na mkufu, na wenzake hao wanaweza kumgeuka. Peter hana wenzake wa namna hiyo. Aliye karibu naye zaidi katika historia yetu ni liwali wa miji ya Pwani, aliyewekwa na Sultani na baadaye kuendelezwa na serikali ya kikoloni, ambaye alihukumu na kutawala kwa pamoja. Hata hivyo neno "liwali" lingeuhamisha mchezo mzima hadi Mombasa au Lamu, na kuuletea mambo ya dini na ya Usultani ambayo Ibsen hakuyawaza. Pengine mfasiri mwenye busara angesema "Mkuu wa Mji" tu. Katika makala haya tutaendelea kumwita Meya kwa kuwa wasomaji wamemzoea hivyo, ilimradi wakumbuke kwamba mizizi ya cheo chake iko juu.

Jambo hili linatusaidia kufahamu kichekesho cha sehemu ya tatu. Meya ameingia katika ofisi ya gazeti, akajificha ndugu yake alipotokea, na akasahau kofia yake ya kazi na bakora. Daktari anaivaa kofia, anaishika bakora, anatembea huku na huko akijitangaza kuwa sasa yeye ndiye mkuu wa mji. Watazamaji hucheka. Lakini kicheko hicho kina mantiki: cheo kinachotoka juu hukaa katika kofia, na ye yote mwenye kuivaa kofia anaweza kujidanganya kwa dakika chache kwamba anacho. Kosa la Daktari ni kuamini kwamba uwezo wa ndugu yake umo humo tu. Punde si punde atagundua kwamba Meya asiye na kofia ana nguvu zile zile.

Kiswahili kingeweza hata kuongeza ladha hapa. Tomas ni mdogo wa Peter. Mfasiri atalazimika kuamua ni wapi Daktari amwite "kaka," na ni wapi amwite "Mstahiki" kwa kejeli. Kwa heshima ya lugha yetu, mdogo aliyevaa kofia ya kaka yake na kumwamuru atoke nje hatakuwa amedhihaki serikali peke yake.

Baraza Lisiloonekana

Jambo la ajabu katika tamthilia hii ya utawala ni kwamba baraza la mji halionekani jukwaani hata mara moja. Sehemu mbili za kwanza ziko sebuleni kwa Daktari. Ya tatu iko katika ofisi ya mhariri. Ya nne iko katika chumba kikubwa cha nyumba ya Nahodha Horster, na ya tano iko katika chumba cha kusomea cha Daktari, chenye vioo vilivyovunjika. Mji unaamua mambo yake yote pasipo sisi kuona meza moja ya baraza.

Baadhi ya wahakiki wangeliita pengo hilo upungufu. Sisi twaona kuwa ndilo maelezo yenyewe. Ibsen, aliyezaliwa mwaka 1828 huko Skien, mji mdogo wa biashara, alijua kwamba baraza huthibitisha mambo yaliyokwisha kuamuliwa mahali pengine. Tufuate hatua za Meya tuone. Kwanza anamjia nduguye nyumbani na kumtaka, kwa faragha, akanushe habari. Anaposhindwa, hamkimbilii polisi, ingawa polisi ni wake. Anakwenda katika ofisi ya gazeti, na hapo anazungumza na watu watatu tu: Hovstad mhariri, Billing msaidizi wake, na Aslaksen mpiga chapa.

Aslaksen ndiye ufunguo. Ni mwenyekiti wa chama cha wenye nyumba na mwanachama wa chama cha kupinga ulevi. Husema daima juu ya kiasi na wastani. Asubuhi alikuwa amemwahidi Daktari kwamba nyuma yake yuko wingi ulioshikamana wa wenye nyumba na wafanyabiashara wadogo. Meya hagombani naye wala hamtishi. Anamfanyia hesabu. Kuyahamisha mabomba, asema, kutagharimu kama kroner laki mbili. Kazi itachukua si chini ya miaka miwili, na muda huo wageni hawatakuja, huku miji jirani ikiwanyakua. Wenye hisa hawatatoa zaidi, kwa hiyo itabidi mji ukope, na deni litalipwa na wenye nyumba. Maneno hayo yanatosha. Mtu aliyekuwa tayari kuushangilia ukweli kwa kiasi anageuka papo hapo, na pamoja naye umegeuka wingi wote ulioshikamana. Mhariri naye anafuata, kwa kuwa gazeti lake hununuliwa na hao hao. Makala ya Daktari yanarudishwa, na taarifa fupi ya Meya inapigwa chapa mahali pake.

Tuitazame vizuri hesabu hiyo, kwa maana ndiyo siri ya utawala wenyewe. Meya hakusema uongo juu ya fedha. Ukarabati ungekuwa ghali kweli. Alichofanya ni kuchagua nani alipe, na kumwambia mlipaji peke yake. Mabomba yaliwekwa chini mno kwa uamuzi wa Meya mwenyewe na wenzake, kinyume cha ushauri wa Daktari. Viwanda vya ngozi vina wenyewe. Hisa zina wenyewe. Palikuwa na walipaji wengi waliowezekana. Lakini Meya aliwaruka wote hao, akamwonyesha mzigo mwenye nyumba mdogo. Hapo mwenye nyumba akawa mtetezi wa wenye hisa bila ya kujua. Ni mfano mzuri wa jinsi tabaka la chini kidogo linavyofanywa ngao ya tabaka la juu yake, na Ibsen ameuonyesha katika mazungumzo ya dakika chache, bila hotuba.

Mkuu Asiyekula Rushwa

Itafaa kumlinganisha Meya huyu na mwenziwe mashuhuri zaidi, yule mkuu wa mji katika tamthilia ya Gogol iliyoigizwa mara ya kwanza mwaka 1836, ambayo tunayo katika Kiswahili kwa jina la Mkaguzi Mkuu wa Serikali. Mkuu wa Gogol anakula rushwa na anajua kuwa anakula. Mahakama yake ina mabata bukini, hospitali yake ni chafu, na habari ya kuja kwa mkaguzi inamtia baridi. Twamcheka kwa raha, kwani kosa lake lina jina, na dawa yake inajulikana: aje mkaguzi wa kweli.

Peter Stockmann hana mkaguzi wa kumwogopa. Haibi. Katika sehemu ya kwanza ananukia nyama ya kuoka mezani kwa nduguye na kukataa kuila. Yeye jioni hutosheka na chai na mkate. Hana mke, tumbo lake ni bovu, na maisha yake yote ameyatia katika kazi. Anaamini kwa dhati kwamba mtu binafsi hana budi kujiweka chini ya jamii, au, kama anavyosahihisha mwenyewe, chini ya wale wanaoitunza jamii. Kosa lake halimo katika sahihisho la kwanza wala la pili. Limo katika urahisi wa kuvuka kutoka moja hadi jingine. Jamii na wenye kuitunza wamekuwa kitu kimoja machoni pake, na kwa hiyo ye yote amsahihishaye yeye anaidhuru jamii.

Hapa ndipo penye uzito wa tamthilia. Tumezoea kudhani kwamba mji ukipata mkuu mwaminifu, asiyeiba, mambo yatanyoka. Ibsen anatuonyesha mkuu mwaminifu anayewanywesha wageni maji machafu, huku dhamiri yake imetulia. Rushwa ikikomeshwa kesho, Peter Stockmann atabaki kazini mwake, na pengine atapandishwa cheo.

Hatia ya Daktari

Je, Daktari? Mwanzoni alifuata njia iliyo sawa. Taarifa yake aliipeleka kwanza kwa mwenyekiti wa halmashauri, ambaye ndiye aliyestahili kuipata. Alipozuiwa ndipo akaliendea gazeti, na gazeti lilipomgeuka akaitisha mkutano. Mpaka hapo hana lawama.

Lawama inaanza katika sehemu ya nne. Watu wa mji wamekusanyika. Aslaksen anachaguliwa mwenyekiti kwa pendekezo la Meya, na Meya anatoa hoja kwamba Daktari asiruhusiwe kusoma taarifa yake. Ni hila ya wazi ya utaratibu wa mikutano, na msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa inavyofanya kazi. Lakini angalia anachofanya Daktari. Hadai nafasi yake ya kusema juu ya maji. Anayaacha maji, anatangaza kwamba amegundua jambo kubwa zaidi, na anageuka kuhubiri kwamba wengi siku zote hawana haki, kwamba wenye akili ni wachache, na kwamba watu hutofautiana kama mbwa wa mitaani wanavyotofautiana na mbwa wa jamii bora. Katika saa ile moja ambayo angeweza kumwambia mama mwenye mtoto, "Usimpe maji haya," anawaambia wote kwamba wao ni mbwa koko.

Arthur Miller alipoiandika upya tamthilia hii kwa jukwaa la Marekani mwaka 1950, aliyapunguza sana maneno hayo ya mbwa na nasaba. Sababu yake inaeleweka, kwani ulimwengu ulikuwa umetoka kuona matunda ya fikira za aina hiyo. Lakini kuyaondoa ni kumsafisha Daktari kuliko alivyosafishwa na mwandishi wake. Ibsen aliandika akiwa na hasira ya mapokezi mabaya ya tamthilia yake iliyotangulia, hata kwa magazeti yaliyojiita ya maendeleo, na hasira hiyo imo katika kinywa cha Daktari. Hata hivyo yeye mwenyewe alimwandikia mchapishaji wake kwamba Daktari ana kichwa kilichovurugika kuliko chake. Tusimfanye msanii kuwa msemaji wa mhusika wake.

Kura inapigwa kwa karatasi za bluu na nyeupe. Anayepiga kura ya peke yake upande wa Daktari ni mlevi, yule yule aliyetolewa nje mara kwa mara wakati wa mkutano na aliyedai kwamba naye ni mlipa kodi. Ni mzaha mkali. Katika mkutano wote huo, mtu mmoja tu aliyetaja haki yake ya uraia ni yule ambaye hakuna aliyemsikiliza.

Nani Atamsemea Mgeni?

Turudi sasa kwenye jina la tamthilia. Folk ya Kinorwe tutaitafsiri kwa neno gani? "Watu" ni pana mno. "Umma" lina uzito wa kufaa. "Wananchi" ndilo lingependwa na wanasiasa, na lingefaa kwa sababu ambayo wao wasingeikusudia, kwani mwananchi ni mwana wa nchi, na walioumwa na maji si wana wa nchi hiyo. Ni wageni. Hawana nyumba, hawalipi kodi ya mji, hawana kura ya bluu wala nyeupe. Hakuna mgonjwa hata mmoja anayetokea jukwaani, na hakuna jina la mgonjwa linalotajwa. Wanahesabiwa tu: kwa Daktari ni ushahidi, kwa Meya ni mapato.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo husifu ukarimu, na huficha hesabu ndani yake, maana mwenyeji hupona kwa kitoweo kilichochinjiwa mgeni. Mji wa Ibsen umeitimiza nusu moja ya methali na kuisaliti nusu nyingine. Mwenyeji amepona, mgeni amekuja, ameugua, amekwenda zake. Na mkutano unapomtaja adui wa umma, umma unaozungumziwa ni wenyeji waliopona.

Katika filamu yake ya mwaka 1989, Ganashatru, Satyajit Ray aliyahamisha maji haya hadi India, yakawa maji matakatifu ya hekaluni. Pale wanaokunywa ni waumini, watu wa nchi ile ile, na mwisho vijana wanaandamana kumuunga mkono daktari. Ni mwisho wenye matumaini, lakini tazama kilichobadilika: mnywaji wa maji amepata sauti kwa sababu amekuwa mwenyeji. Ibsen hakuwapa wake sauti hiyo.

Anachotupa badala yake ni mambo mawili katika sehemu ya mwisho. La kwanza ni Morten Kiil, mwenye kiwanda cha ngozi kilicho kati ya vinavyochafua zaidi, ambaye ametumia fedha za urithi wa mke na watoto wa Daktari kununua hisa za mahali pa tiba zilizoanguka bei. Ukweli sasa una bei ndani ya nyumba ya Daktari mwenyewe. Naye, kinyume cha Aslaksen, anakataa kugeuka. Hapo anastahili heshima yetu. La pili ni azimio lake la kubaki mjini na kuanzisha shule, akianza na watoto wa mitaani wasio na mwalimu. Wengi hukumbuka maneno yake ya mwisho juu ya nguvu za mtu asimamaye peke yake, na kusahau kwamba anayasema akiwa amezungukwa na mke, binti aliyefukuzwa ualimu kwa ajili yake, wana wawili, na muda mfupi baada ya kupewa hifadhi na nahodha aliyepoteza chombo kwa ajili yake. Hasimami peke yake hata kidogo. Na watoto wale anaokusudia kuwafundisha ndio hao hao aliowaita mbwa koko jana yake usiku.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba tamthilia hii hufundisha zaidi ikisomwa kama uchunguzi wa utawala kuliko ikisomwa kama vita vya mwema na mwovu. Meya wake hana wizi. Ana mazoea ya kuzungumza na wachache, kugawa hofu ya gharama, na kuliacha baraza lithibitishe. Daktari wake ana ukweli, lakini hana subira ya kuufikisha kwa watu anaodai kuwaokoa. Kati ya hao wawili maji yanaendelea kutiririka, na pazia linafungwa mabomba yakiwa pale pale yalipokuwa.

Kwa mwalimu atakayeisoma tena na wanafunzi wake, twapendekeza zoezi moja. Asiwaulize nani ana haki. Watajibu upesi mno. Awaulize kila mtu katika mchezo huu anakunywa maji kutoka wapi, na ni nani alipewa nafasi ya kulijibu swali hilo mkutanoni. Wakimaliza, wataweza kuzitazama halmashauri zilizo karibu nao kwa macho makali zaidi.